Tangazo Lifike kwa Anayengojewa: Namna ya Kuwafundisha Wahudumu wa Kanisa Kuwasiliana, Unguja na Pemba

Katika parokia niliyoitumikia mjini Unguja tuliwahi kutangaza mkesha wa maombi kwa maneno haya: “Mkesha utafanyika usiku wa Ijumaa.” Wazee wenyeji wa hapa, ambao kwao siku mpya huingia jua linapokuchwa, walifika Alhamisi baada ya magharibi na kukuta mlango wa kanisa umefungwa, waumini waliotoka Bara, ambao ni wengi katika makanisa yetu, walifika kesho yake. Bibi mmoja alikaa barazani kwa jirani hadi saa tatu usiku akingoja mlango ufunguliwe, na jirani huyo, ambaye ni Mwislamu, ndiye aliyemtafutia mtu wa kumrudisha nyumbani. Tangazo lile nililiandika mimi. Lilikuwa Kiswahili fasaha, halikuwa na kosa la sarufi, na watu wawili walilisoma kabla halijapelekwa kwa padri. Lililokosekana ni mtu wa kulisikiliza kwa sikio la yule atakayelipokea.

Mafunzo ninayoyaeleza hapa yalizaliwa na kosa hilo. Yanawahusu katibu wa parokia, mwalimu wa Skuli ya Jumapili, kiongozi wa kwaya, mzee wa kanisa, mlinzi wa lango, kijana anayeshughulikia vipaza sauti, na kila anayejitolea kupokea wageni. Nimeyapanga kwa Jumamosi sita, muda wa saa mbili kila siku, kwa sababu wengi wa wanaojitolea hufanya kazi hotelini, madukani na maskulini siku nyingine zote. Huko Pemba na katika makanisa ya shamba yanaweza kufupishwa yakawa siku mbili mfululizo, ila msiyaweke katika msimu wa karafuu, kwani mtakaa na viti vitupu.

Hatua ya kwanza: kusanyeni yaliyokwisha kusemwa

Kabla ya kumfundisha mtu yeyote, chukueni matangazo ya miezi mitatu iliyopita: yaliyomo katika daftari la matangazo, yaliyobandikwa ubaoni, na yaliyotumwa kwa simu. Yaandikeni upya au yatoeni nakala, kisha wagawieni washiriki wawiliwawili pamoja na kalamu nyekundu. Kila wawili watafute majibu ya maswali matano: nani anaitwa, kwa jambo gani, lini, wapi, na mwenye swali amuulize nani. Swali lisilo na jibu litiwe alama pembeni.

Zoezi hili lisiharakishwe, kwa kuwa ndilo linalowafungua watu macho kuliko mhadhara wowote. Mara nyingi alama nyekundu hujaa mahali palepale: “kama kawaida”, “pale petu”, “wahusika wote”, “kama tulivyokubaliana”. Maneno haya humfaa aliyekuwapo kwenye kikao kilichopita. Lakini kanisa la Unguja lina watu wanaokuja na kuondoka: askari aliyehamishiwa hapa mwezi uliopita, muuguzi aliyetoka Tanga, msichana aliyeajiriwa hotelini Nungwi kwa msimu mmoja. Mtu huyo akisikia “pale petu”, ameshaambiwa kwamba yeye si miongoni mwetu, ingawa hakuna aliyekusudia kumwambia hivyo.

Hatua ya pili: kila habari iwe na mwenyewe

Hapa hapahitaji muda mrefu, bali uamuzi. Halmashauri ya parokia iandike kwenye karatasi moja nani huandika matangazo, nani huyasoma, nani hujibu simu ya ofisi, nani husimamia makundi ya simu, na nani peke yake huzungumza na waandishi wa habari au na ofisi ya serikali kwa niaba ya kanisa. Kila mmoja awe na msaidizi anayejulikana. Mtu ambaye jina lake halimo katika karatasi hiyo, hata akiwa mwema na mwenye bidii, afundishwe kusema kwa upole, “Jambo hilo anayelijua ni Mama Katibu, ngoja nikupeleke kwake.” Jibu hilo ni msaada kamili, na lisihesabiwe kuwa ni kushindwa kazi.

Hatua ya tatu: kuandika tangazo

Tengeni Jumamosi mbili nzima kwa hatua hii. Anzeni na saa, kwa sababu saa ndiyo hutupotezea watu wengi. Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu kucha na tangu kuchwa, na simu zetu zote huonyesha saa ya Kizungu. Ukiandika “saa 3:00” bila kuongeza neno, mzee ataelewa asubuhi jua likiwa limeshapanda, na kijana aliyeingiza tarakimu hiyo kwenye kikumbusho cha simu yake atakuja alasiri, wakati watu wameshatawanyika. Kwa hiyo saa iandikwe kwa maneno na ifuatwe na sehemu ya siku: “saa tatu kamili asubuhi”. Wageni wasiojua Kiswahili waandikiwe karatasi yao kwa lugha yao, isichanganywe na ya wengine.

Usiku nao una adabu yake. Kama mkesha unaanza Alhamisi jua likichwa na kwisha Ijumaa alfajiri, sema “usiku wa kuamkia Ijumaa”, na utaje tarehe zote mbili. Kama unaanza Ijumaa, sema “usiku wa kuamkia Jumamosi”. Maneno haya yanaeleweka sawasawa kwa Mpemba na kwa mtu wa Dodoma, nami sijaona bado aliyepotea baada ya kuyasikia.

Maneno ya madhehebu yachunguzwe vilevile. Katika baadhi ya makanisa “mtaa” ni usharika mdogo ulio chini ya parokia, ilhali kwa mtu aliyeingia jana mtaa ni nyumba zilizo jirani na kwake. Yeye akisikia “mkutano wa mtaa” atadhani majirani wa kanisa wote wamealikwa. Vifupisho vya vyama vya akina mama na vya vijana visomwe kwa urefu wake angalau mara moja.

Kisha washiriki waandike upya tangazo halisi. Hili ni moja tuliloliokota katika daftari letu wenyewe:

“Akina mama wote mnakumbushwa kikao cha maandalizi ya ziara kama tulivyokubaliana, Jumamosi saa 3, mahali pa kawaida, bila kukosa, na mje na michango.”

Baada ya nusu saa ya kuulizana maswali, akina mama wawili walilirudisha hivi:

“Akina mama wanaosafiri kwenda Wete, Pemba, watakutana Jumamosi, tarehe 14 Juni, saa tatu kamili asubuhi, katika ukumbi mdogo ulio nyuma ya kanisa. Kikao kitachukua muda wa saa moja. Kila msafiri aje na nauli yake ya boti, na atapewa stakabadhi. Mwenye swali amwone Mama Katibu mlangoni baada ya ibada.”

La pili ni refu kuliko la kwanza, na watu wengine huamini kwamba tangazo zuri ni lazima liwe fupi. Siafikiani nao. Tangazo lipunguzwe sifa, makaripio na utangulizi, lakini lisipunguzwe habari. Angalieni pia kwamba “bila kukosa” limeondoka. Mtu mzima anayejua siku, saa, mahali na sababu hahitaji kutishwa, na asiyeyajua hayo hatafika hata akitishwa.

Kazi hii ya kupima maneno kwa masikio ya wenyeji si mpya visiwani. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa Askofu, alijifunza Kiswahili kwa kuwauliza watu wa mji, wakiwamo Waislamu wasomi, na misheni yake ilikuwa na mtambo wa kuchapa ambao ulitoa maandishi ya Kiswahili hapahapa. Alikuwa na elimu ya vitabu ya kumtosha, ila alijua kwamba neno lipimwe kwanza na mwenye lugha ndipo lichapwe.

Hatua ya nne: kulisoma

Msomaji alipate tangazo siku moja kabla na alisome kwa sauti nyumbani. Kanisani asimame, awatazame watu, anyamaze kwa kadiri ya pumzi mbili, ndipo aanze. Kipaza sauti kiwe umbali wa shubiri kutoka mdomoni, chini kidogo ya kidevu, na asikigonge wala kukipuliza kukijaribu. Kujaribu ni kazi ya kijana wa mitambo kabla watu hawajaingia. Siku, saa na mahali vitamkwe mara mbili, mara ya pili polepole zaidi. Majina ya watu yaulizwe mapema yanavyotamkwa, kwa maana hakuna kinachomuumiza mtu kanisani kama kusikia jina la marehemu mama yake likivurugwa mbele ya umati.

Katika mafunzo, zimeni umeme kwa makusudi. Waliokuwapo Unguja kuanzia Desemba 2009 wanakumbuka jinsi kisiwa kizima kilivyokaa takriban miezi mitatu bila umeme wa gridi, na makanisa yaliyotegemea vipaza sauti yalilazimika kujifunza upya kuzungumza. Kila mshiriki asimame mbele, na mwenzake akae kiti cha mwisho karibu na mlango, akiinua mkono kila neno linapompotea. Sauti isitoke kooni kwa kupiga kelele; itoke kifuani, maneno yakiachiwa nafasi baina yake. Wengi hugundua kwamba tatizo lao lilikuwa haraka, wala si udogo wa sauti.

Hatua ya tano: mlangoni na kwenye simu

Anayepiga simu ya ofisi anaweza kuwa muumini, fundi wa mabomba, karani wa serikali au mama Mwislamu ambaye mtoto wake ameokota mkoba uwanjani kwetu. Salamu ya kidini pekee humwacha baadhi yao bila la kujibu. Sisi hutumia: “Hujambo, hapa ni ofisi ya kanisa, unazungumza na fulani, nikusaidie nini?” Mpigaji akianza kwa salamu ya imani yake, ajibiwe kwa heshima ileile. Mzee apewe shikamoo hata kama sauti yake ni kali. Ujumbe uandikwe daftarini pamoja na jina, namba, saa na jambo lenyewe, kisha usomewe mpigaji kabla simu haijakatwa. Namba yenye tarakimu moja iliyokosewa ni sawa na ujumbe usiopokewa.

Kwa wanaopokea watalii na wanafunzi, hasa katika makanisa yenye historia kama Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, lipo somo la ziada. Wageni huja na maswali mazito kuhusu utumwa. Mhudumu aseme yale yenye uhakika: kwamba soko la watumwa lilikuwa hapo, kwamba lilifungwa mwaka 1873 baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba na Waingereza, na kwamba jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mwaka huohuo. Yanayosimuliwa bila uthibitisho ayaite masimulizi. Wala asiyageuze maelezo hayo kuwa hukumu juu ya majirani wa leo, ambao baadhi yao ni vizazi vya hao hao waliouzwa. Nimesikia maelezo ya aina hiyo yakitolewa kwa sauti kubwa huku muuza maji akipita hatua tatu kutoka hapo, nami naona haya hadi leo.

Hatua ya sita: makundi ya simu, picha na pesa

Kuwe na makundi mawili ya WhatsApp. La kwanza ni la matangazo, ambalo wasimamizi peke yao huweza kutuma ujumbe. La pili ni la mazungumzo, salamu na pongezi. Kanisa lenye kundi moja huishia na tangazo la maziko lililofunikwa na video arubaini za asubuhi njema.

Picha za watoto zisipandishwe popote bila idhini ya mzazi iliyoandikwa, na hata pakiwa na idhini, jina la mtoto na skuli anayosoma visiambatane na sura yake. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na wahudumu wafahamu kwamba orodha ya namba za waumini ni amana, haipewi mgombea, mfanyabiashara wala rafiki. Orodha ya washiriki wa semina isipigwe picha na kurushwa kundini, jambo linalofanyika mno.

Kuhusu michango, namba ya kupokelea pesa iwe imesajiliwa kwa jina la kanisa, ibandikwe ubaoni mwaka mzima, na isibadilishwe kwa ujumbe wa simu hata siku moja. Wafundisheni waumini kutazama jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Matapeli wa “ile pesa tuma kwenye namba hii” wanaijua kalenda ya harambee kama sisi tunavyoijua.

Hatua ya saba: wagonjwa, misiba na bahari

Somo hili lifundishwe na mtu mzima mwenye utulivu, na watu wapewe nafasi ya kusimulia yaliyowapata.

Maombi ya wagonjwa ndiyo mlango ambao siri nyingi hupitia. Mtu humwambia mzee wa kanisa, “Niombeeni, naumwa,” na Jumapili anasikia jina lake, wodi yake na ugonjwa wake vikitajwa mbele ya watu mia tatu. Kanuni yetu ni kuuliza maswali matatu kabla ya kuandika: unataka tutaje jina lako? Tuseme unaumwa tu, au tuseme zaidi? Unapenda kutembelewa? Akijibu hapana kwa yote, tunaomba kwa ajili ya “ndugu yetu anayehitaji faraja”, na Mungu anamjua.

Msiba hautangazwi hadi familia yenyewe ithibitishe kwa mdomo wa mtu aliyeteuliwa nayo. Hapo visiwani habari hutembea haraka kuliko boti, na aliyefiwa anaweza kuwa bado njiani kutoka Chake Chake, hajaambiwa. Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, watu walikaa siku nyingi wakitafuta majina ya ndugu zao, na tena Julai 2012 MV Skagit ilipozama. Katika saa kama hizo, jina linalotajwa kimakosa huua watu walio hai mara moja nyumbani kwao. Wahudumu wafanye zoezi: simu tano zinaingia, kila moja na habari tofauti kuhusu ajali. Waandike ni nani kasema, aliona mwenyewe au alisikia, na saa ngapi. Kinachotoka kanisani kiwe hiki tu: jambo lililothibitishwa, mahali familia zinapopokelewa, namba ya kupiga, na saa ya taarifa ijayo. Saa hiyo ikifika watu waambiwe neno, hata kama neno lenyewe ni kwamba hakuna jipya.

Tangazo la maziko liseme pia kama mwili unasafirishwa, kwa boti ipi, na nani anapokea upande wa pili. Wafiwa waliochoka wasiachiwe kazi ya kujibu maswali hayo mamoja mamoja.

Hatua ya nane: masikio yaliyo nje ya ukuta

Waislamu ndio karibu watu wote wa visiwa hivi, na lile linalosemwa madhabahuni kwa kipaza sauti cha nje husikika barazani. Mwaka 2024 Pasaka iliangukia tarehe 31 Machi, ndani ya mwezi wa Ramadhani, hivyo Ijumaa Kuu ilikutana na swala ya Ijumaa katika mitaa ileile. Kanisa linalopanga mapema humwona sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo, wiki mbili kabla, humweleza njia ya maandamano na saa yake, na hukubaliana naye ili watu wanaokwenda msikitini wasikutane na msafara uchochoroni. Vipaza sauti vya nje vipunguzwe, na chakula cha watoto kitolewe ndani. Jambo hili lifundishwe kama ujirani wa kila siku, wahudumu wakifanya mazoezi ya kuzungumza na sheha: salamu kwanza, kuulizana hali, kisha jambo moja lililo wazi, na barua ya ukurasa mmoja anayoweza kubaki nayo.

Hatua ya tisa: kupima

Miezi mitatu baada ya mafunzo, simameni mlangoni Jumapili watu wanapotoka na waulizeni kumi, wazee kwa vijana: tangazo la pili lilikuwa la nini, na ni lini? Andikeni majibu, mkaulize tena baada ya mwezi. Kisha rudieni zoezi la kalamu nyekundu kwa matangazo mapya.

Katika parokia yetu tumeongeza jambo moja. Kila Alhamisi alasiri katibu huwasomea matangazo wasikilizaji wawili ambao hawamo katika kamati yoyote, naye haruhusiwi kuwaeleza chochote zaidi ya yaliyoandikwa. Mmoja wao ni kijana wa hotelini ambaye Kiswahili chake ni cha Mbeya. Mwingine ni yule bibi aliyekaa barazani usiku ule. Wiki iliyopita alilirudisha tangazo la safari ya kwaya, kwa sababu halikusema wanakwaya wakutane bandarini saa ngapi, wala nani atakuwa na tiketi.